Mazoezi ya Mawe

Gauni tulilomzikia dada yangu nililishona mimi. Mimi ndiye niliyelipunguza likamkaa sawasawa, na asubuhi ya maziko mimi ndiye niliyekaa kwenye cherehani nikafumua mishono ile ile ili limwenee. Kitambaa kilichozidi kilikuwemo ndani ya mshono. Aliniambia nisikikate, na sikukikata.

Sijazoea kuandika. Nimesoma mpaka darasa la saba, kisha nikafundishwa ushonaji na masista, na tangu hapo mikono yangu inajua futi na mkasi kuliko kalamu. Lakini mtaani kwetu Mjimwema, hapa Songea, kuna mtu ambaye sijamsamehe, na wanaokijua kisa hiki wanazidi kupungua. Jina lake sitalitaja. Wa mtaani watamjua bila jina, na wa mbali halina faida kwao. Nitamwita mama wa dukani, kama tulivyokuwa tukimwita.

Dada hakuzaliwa mnene. Nilimjua akiwa mwembamba, mwenye kutangulia njiani na mzigo kichwani huku sisi wadogo tukimkimbilia nyuma. Miaka ya uhaba tulilima ng'ambo ya bonde, tukabeba kuni na mihogo, tukapanga foleni ya sukari kabla hakujapambazuka, na sukari yenyewe tulirudi nayo imefungwa kwenye pembe ya kanga. Siku nyingi chai tuliinywa hivyo hivyo.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Kila mwenye chumba chenye dirisha la barabarani alifungua duka. Mitumba ikashuka kwa marobota. Mafuta ya kupikia yakaonekana, sukari ikaonekana, soda zikapangwa mpaka mlangoni. Dada akaacha shamba akaanza kuuza dagaa wa Nyasa kwenye soko dogo lililokuwa nyuma ya nyumba yetu. Alikaa kwenye kigoda tangu asubuhi mpaka jioni, kikombe cha chai pembeni, na chai ile aliitia sukari kama mtu anayelipiza. Sikumlaumu. Na mimi nilifanya hivyo hivyo.

Mwili ukaja. Watu wakamsifu. "Dada umenawiri." "Dagaa zinakukubali." Hata mumewe alimsifu kabla hajapanda basi kwenda Tunduru kutafuta mawe ya thamani, safari ambayo mpaka leo hajarudi. Unene ulikuwa cheti kwamba shida zimekwisha. Hakuna aliyefikiri kuwa ni jambo la kupelekwa hospitali.

Tulikwenda hospitali siku alipoona giza machoni akiwa anapimia mteja, akaangukia kwenye gunia. Daktari alikuwa kijana, mgeni wa mkoa, si mtu wa kuzungusha maneno. Alituambia ni presha na sukari.

"Mama, mwili huu lazima upungue," alisema. "Na ukishapungua, usiurudishe. Hilo la pili ndilo linalowashinda watu."

"Nifunge kula?"

"Usifunge. Punguza mafuta, acha sukari, na utembee kila siku, mwendo wa haraka, mpaka jasho likutoke."

"Mbona natembea kwenda sokoni."

"Unatokea wapi?"

Nikamjibia mimi. "Nyuma ya soko."

Daktari akacheka kidogo, kisha akawa mkali tena. "Sasa sikiliza. Kila siku utakayotembea, weka alama. Ukija kliniki nataka kujua umetembea kweli au unanidanganya. Wengi wananidanganya. Wengine wanajidanganya wenyewe, wakitembea mara mbili wanaona wametembea mwezi. Ukiwa na alama, hujidanganyi. Hayo ndiyo mazoezi, mama."

Njia nzima ya kurudi dada alilirudia neno hilo akicheka. Mazoezi, kwa kadiri tulivyojua, yalikuwa ya askari, ya mgambo, na ya wanafunzi wa mchakamchaka. "Mdogo wangu," aliniambia, "nimeingia jeshini nikiwa na meno ya kuoza."

Alama alizianza kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Haikuchukua muda akagundua kosa lake: ukuta wa jikoni ulikuwa mweusi kwa moshi kuliko huo mkaa. Ndipo akakumbuka hadithi ya bibi yetu mzaa mama. Bibi alitusimulia kwamba wasafiri wa zamani wa Ungoni walipofika njia panda waliokota jiwe, wakaliweka juu ya mawe ya waliotangulia, wakaombea miguu yao nguvu, wakaendelea na safari. Dada aliipenda ile ya kuombea miguu.

Uani kwetu palikuwa na mawe madogo yaliyobaki tulipochimba msingi wa chumba ambacho hatukukijenga. Basi kila alfajiri aliokota jiwe moja pale uani, akalishika mkononi, akatoka. Alipita mbele ya duka, akaishika njia ya mikaratusi inayopanda kilima, na kwenye mkaratusi mmoja mkubwa uliopinda ndipo alipogeuzia. Jiwe aliliacha chini ya ule mti. Alirudi mikono mitupu, kanga imemganda mgongoni kwa jasho.

Hizo ndizo zilikuwa alama zake. Lundo la uani lilipungua, la mkaratusini likakua. Siku aliyozidiwa na uvivu aliona mwenyewe kuwa mawe hayajasogea. Akasema yale mawe yalimtazama vibaya kila alipotoka nje, kuliko daktari.

Kliniki iliyofuata daktari akamwuliza alama ziko wapi.

"Ziko chini ya mkaratusi."

"Sasa mimi nitazionaje?"

"Nimekuletea shahidi," dada akasema, akanisukuma mbele.

Mimi ushahidi wangu ulikuwa futi. Kila baada ya muda aliniletea lile gauni lake la kitenge cha bluu, nikampima kiuno, nikaingiza mshono ndani. Hatukuwa na mizani ya watu nyumbani, gauni ndilo lilikuwa mizani. Mara ya kwanza nilishika mkasi nikate kile kitambaa kilichozidi, maana kikibaki kinafanya mshono unene. Akanishika mkono.

"Usikate. Naweza kurudi."

"Hurudi."

"Nani anajua? Acha kikae humo humo."

Kurudi likawa neno letu la kunenepa upya. Alipomaliza sahani akatazama sufuria, nilimwuliza kama anarudi. Alifunika sufuria akaondoka akinitukana kwa Kingoni.

Sasa niseme juu ya mama wa dukani. Duka lake lilikuwa la kwanza mtaani, na mwanzoni lilijaa watu. Kisha likafunguliwa la pili, la tatu, na jingine lililokuwa na friji. Vitu vyake vikaanza kulala kwenye rafu. Alikaa nyuma ya kaunta asubuhi mpaka jioni akitazama barabara, na alichokiona kila alfajiri ni dada yangu akipanda kilima na jiwe mkononi, akishuka hana. Mimi sidanganyi: kwa mtu asiyejua sababu, jambo lile lilikuwa na walakini. Lakini alikuwa na mdomo. Angeuliza. Dada alipita akimsalimu kila siku.

Hakuuliza. Kwanza alianza na lile la mwili. Miaka ile mtu akikonda watu walimhesabia siku, na kila mmoja alijua ni ugonjwa gani unaosemwa bila kutajwa. Wateja wengine wa dagaa wakahama. Dada alipozidi kupungua huku akizidi kuwa na nguvu, uvumi huo ukakosa pa kukaa. Ndipo akaleta jingine.

Jumuiya yetu ndogo ilikuwa ikisali nyumba kwa nyumba. Jioni hiyo tulikuwa kwa mwenyekiti, mzee mpole mstaafu. Tulimaliza sala, tukasomewa matangazo, ikafika mengineyo. Mama wa dukani akasimama, akajifunga kanga upya.

"Nina neno dogo," alisema. "Kuna mama mwenzetu hapa anapita kwangu alfajiri na jiwe. Anapanda kule mitini. Akishuka, jiwe hana. Nimetuma mtu akatazame, amekuta lundo. Mimi si mtu wa kusema watu. Nauliza tu, lile lundo ni la nini? Maana tangu lianze, mimi wateja sina."

Mwenyekiti akamgeukia dada. "Mama, umesikia. Jibu tu, tumalize."

"Ni mazoezi, baba."

"Mazoezi?"

"Ya kutembea. Daktari amesema nitembee, niweke alama."

"Mazoezi ya mawe?" akasema mama wa dukani, na watu wakacheka.

Mwanamume mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema, "Atakuwa ameitwa mgambo." Mwingine akasema, "Mume mawe, mke mawe. Mwenzake angalau yuko Tunduru, ataokota la thamani." Hapo kicheko kikawa kikubwa, hata waliokuwa upande wetu wakacheka, kwa sababu kwa kweli kilichekesha.

Nikasimama. "Ni daktari aliyemwagiza."

"Daktari amemwandikia mawe?" mama wa dukani akaniuliza. "Siku hizi dirisha la dawa wanatoa na mawe?"

Mwenyekiti akainua mkono. "Basi, tusichekane. Mama, sisi hatusemi kitu. Ila kwa ajili ya amani ya jumuiya, hayo mawe yaache."

Alisema kwa upole kabisa. Nafikiri angefoka, dada angembishia. Upole ule ulimfunga mdomo. Alisema, "Sawa, baba," na hakuinua macho tena mpaka tulipotoka.

Kesho yake nilipanda mimi kutazama. Lundo lilikuwa limetawanywa, mawe mengine yametupwa bondeni, na shina la mkaratusi limemwagiwa chumvi ya kinga.

Alijaribu kutembea bila jiwe. Wanawake sokoni walimwita kwa mbali, "Mazoezi ya mawe hayo," na wengine waliwavuta watoto wao ndani alipopita. Nikamwambia apite njia nyingine, au tutembee pamoja barabara kuu. Dada alikuwa mtu wa haya. "Wanitazame wote, mdogo wangu? Hapana." Akasema atapumzika kidogo, maneno yakipoa ataanza tena. Mawe yalikuwa bado yamo uani. Hakuna aliyeyagusa, na majani yakaota kati yake.

Alirudi taratibu. Kwanza chai. Kisha kile kigoda, kutwa nzima. Nikafumua mshono mmoja wa lile gauni, halafu wa pili, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyetamka neno la kurudi. Aliniletea gauni, akaliweka juu ya cherehani, akatazama nje mpaka nikamaliza. Asubuhi moja ya baridi hakuweza kunyanyua mkono wake wa kuume, na mdomo ulikuwa umekwenda upande. Alilala miezi ya baridi yote. Alikufa wakati watu wanachoma mashamba kungojea mvua, moshi umekaa juu ya mji.

Msibani mama wa dukani alikuja na sukari. Alilia kuliko sisi wa tumbo moja. "Dada yangu kipenzi, umeniachia nani?" Wanawake walimshika mabega wakamkalisha kwenye mkeka. Nikamletea chai mwenyewe, nikaitia ile sukari yake, nikakoroga vizuri, nikampa kwa mikono miwili. Alinishukuru akaniita mwanangu. Nilikaa nikamtazama akinywa mpaka mwisho, na moyoni nikamwahidi.

Tulipomaliza arobaini, alfajiri yake niliokota jiwe uani.

Sikuwa natafuta afya. Niliyaokota yale ya bondeni niliyoweza kuyaona, nikayarudisha chini ya mkaratusi, na kila siku nikaongeza moja. Nilipofika mbele ya duka nilisimama. Jiwe nililishika ili lionekane.

"Shikamoo, mama."

Yeye alinizidi umri, na shikamoo haiachwi bila kuitikiwa. Alitazama mkono wangu. "Marahaba," akasema. Niliporudi sina jiwe, nilisimama tena nikampa shikamoo nyingine.

Hivyo ndivyo nilivyofanya, mwaka kwa mwaka. Sikuongeza neno. Aliwahi kufunga duka alfajiri ili asinione. Nilimsalimu kupitia mlango uliofungwa, na kutoka ndani aliitikia. Aliwahi kumtuma mwenyekiti aje kuzungumza nami. Nilimwambia yule mzee, "Baba, yule mliyemwambia ayaache aliyaacha. Mmemzika. Mimi siyaachi." Akaaga, hakuja tena.

Nililipia. Wanawake wengine walihamisha vitambaa vyao kwa mafundi wa mjini. Nikabaki na kazi ya kupunguza mitumba ya watumishi wageni, suruali za watu warefu wa nchi za nje ambazo hazikumfaa mtu yeyote Songea mpaka zipite kwenye mkasi wangu. Jumuiya niliiacha.

Na kitu kingine kilitokea ambacho sikukipanga. Sketi zangu zilianza kunizunguka kiunoni. Mimi na dada tulikuwa na mwili mmoja, damu moja, na mimi pia nilikuwa nimekwisha kuanza kuhema nikipanda ngazi za kanisa. Yule daktari alipopima presha yangu aliniuliza ninatumia dawa gani. Sikuweza kumwambia kwamba mwezi wa sita, ukungu ukiwa umefunika mpaka mabati na maji ya kunawa yanakata vidole, kinachonitoa kitandani ni hamu ya kumwona mtu mmoja akiogopa. Wengi huanza kutembea wakaacha. Mimi sikuacha hata msimu mmoja, maana hasira yangu haikuwa na msimu.

Mama wa dukani naye alinenepa. Hakuwa na pa kwenda, alikaa nyuma ya kaunta yake akila bidhaa ambazo watu hawakununua. Mwaka ule ambao mvua zilizidi mpaka njia ya Tunduru ikakatika, alikuja kwenye cherehani yangu. Sikumtazamia. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa bandeji, na mkononi alikuwa na gauni.

"Niongezee kiunoni," alisema.

Niligeuza gauni ndani nje. "Hakuna kitu humu. Fundi wako alikata chote."

"Hata kidogo?"

"Hata cha kupitisha sindano."

Alikaa kwenye benchi la wateja bila kukaribishwa. Alitazama chini, akausogeza ule mguu.

"Mwanangu, niachie," alisema.

"Nikuachie nini?"

"Unajua. Umenishika. Miaka yote hii na mawe yako. Sasa ni sukari, mguu haukauki, macho nayo yanakwenda. Daktari anasema nitembee. Nikitembea barabarani wale wanawake wananicheka, wananiambia mazoezi ya mawe. Kule njia ya mikaratusi siwezi kukanyaga, wewe umepaziba. Niachie, nikakanyage."

Nitasema ukweli. Hilo ndilo nililokuwa nimelisubiri, na lilikuwa tamu. Nilitaka kumwambia ndiyo, nimekushika, na sikuachii. Angeamini. Angekwenda nyumbani akafa kwa hofu kabla ya sukari, na mimi nisingekuwa nimemgusa. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Kisha nikaona kwamba nikilisema, nitakuwa nimemthibitishia yale aliyoyasema kwenye mengineyo. Dada angebaki kuwa alivyoitwa, na aliyemwita hivyo safari hii ningekuwa mimi.

"Sijakushika," nilimwambia. "Umeshikwa na sukari, kama yeye alivyoshikwa. Yale mawe ni alama za kutembea. Alikwambia."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Alikwambia mbele ya watu, ukamcheka."

Alinitazama. Mpaka wakati huo niliamini kwamba alimsingizia dada kwa wivu wa duka, huku akijua. Lakini uso ule haukuwa wa mtu aliyekuwa akijua. Alikuwa ameamini kweli, miaka yote, tangu jiwe la kwanza. Mtu angedhani jambo hilo lingenipunguzia hasira. Liliniongezea. Mwongo ningemwelewa. Huyu alimwua dada yangu kwa kuogopa, kumbe angeuliza swali moja tu kwenye kaunta yake.

"Basi nisamehe," alisema. "Tuyamalize hapa hapa, mimi na wewe."

"Hukumsema hapa."

"Mwanangu."

"Hukumsema kwenye cherehani yangu. Utasema ulikosemea. Kwenye mengineyo. Na utabeba jiwe."

"Mimi? Nilishike?"

"Kwa mkono wako, mchana, watu wakiona. Ukimaliza, njia ile tembea mpaka uchoke, hakuna atakayekuzuia."

Alikataa. Aliondoka na gauni lake bila kuaga. Alirudi wiki iliyofuata, bandeji imekuwa kubwa zaidi, akasema, "Jumapili ni zamu ya nyumba yangu." Nikamwambia nitakuja.

Nilikwenda na jiwe la uani kwetu, nikamkabidhi mlangoni. Alilipokea kwa ncha ya kanga, akalifunika. Watu waliponiona nimeingia baada ya miaka ile yote walisogea wakanipa nafasi kubwa kuliko niliyoihitaji. Walisali, wakasoma matangazo. Mwenyekiti, ambaye sasa alishikilia fimbo, akauliza kama kuna mengineyo.

Mama wa dukani akasimama. "Yule marehemu," alisema, "alikuwa akifanya mazoezi."

"Sema kwa sauti, mama," mwenyekiti akasema. "Masikio yangu siyo yale."

"Alikuwa akifanya mazoezi. Daktari alimwambia atembee. Mawe yalikuwa ya kuhesabia siku. Hakukuwa na kitu kingine. Mimi ndiye niliyesema kuna kitu."

Hakuna aliyecheka. Yule aliyewahi kusema habari za mgambo alikuwepo. Alishughulika na kifungo cha shati lake.

"Na chumvi?" nikauliza.

"Nilimwaga mimi."

"Twende," nikasema.

Walitufuata, si wote, lakini waliotosha. Ilikuwa mchana wa jua kali. Alikwenda polepole kwa ule mguu, na sikumpa mkono. Tulipopita mbele ya duka lake nilisimama.

"Fungua kanga."

"Watu wanaona."

"Ndiyo."

Akafungua. Jiwe lilikuwa jekundu kwa udongo, dogo, la kuenea kiganjani. Alilibeba hivyo mpaka juu. Kwenye mkaratusi alisimama mbele ya lundo, na jasho likamshuka kwenye nyusi. Wengine wakaniangalia, wakitaka niseme basi, inatosha. Sikusema. Nilimwacha na jua lake na hofu yake mpaka alipoinama mwenyewe akaliweka. Kisha akakaa chini palepale, akaunyosha ule mguu, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kesho naokota la wapi?"

"La kwenu. Mawe ya kwetu ni ya dada."

Alitembea. Sikutegemea, lakini alitembea. Alianza kwa kufika nusu ya njia na kuacha jiwe lake hapo, akaendelea kusogea kila alipopata nguvu, mpaka akawa anafika mtini. Kidonda kikafunga. Tulikutana njiani, mimi nikishuka yeye akipanda, nikampa shikamoo, naye akaniitikia akihema. Lundo lilikua kwa mawe ya nyumba mbili. Zipo siku nililitazama nikataka kulipiga teke, maana lile ambalo lingemchelewesha dada yangu kaburini lilikatazwa, na huyu aliyesababisha likatazwe ndiye aliyekuwa akipona kwalo.

Baada ya mvua za mwaka mwingine alikuja na gauni jipya, la kitenge kizuri, limemlegea mabega na kiuno. Alisimama nikampima. Alifurahi kuiona futi ikiishia chini ya namba zake za zamani, akaniomba nimwonyeshe tena.

Niliingiza mshono ndani, nikashona, nikageuza. Kilibaki kitambaa cha kutosha, kama kile cha dada. Nikachukua mkasi nikakikata chote, pande zote mbili, karibu kabisa na uzi. Vipande vikaanguka miguuni pake.

"Umekata?" aliuliza. "Mwanangu, mwili ukirudi nitavaa nini?"

Nikalikunja gauni nikamkabidhi.

"Usirudi," nikamwambia.